Mkwe Aliyesusiwa

Mtaani walimwita Shujaa, ingawa mende akipita jikoni, anayempisha njia ni yeye. Jina hilo alilipata kwa sauti. Filamu za kigeni zikitiwa Kiswahili, kuna mwigizaji mmoja maarufu, yule anayeruka maghorofa bila shati kukunjamana, ambaye maneno yake yote hutamkwa na Shujaa. Hurekodi katika chumba kidogo chenye magodoro ukutani na feni isiyoruhusiwa kuwashwa, akatoka kaloa jasho chapachapa kama aliyeruka mwenyewe.

Shabiki wake mkubwa alikuwa mama mkwe, muuguzi mstaafu aliyekuwa akiishi nao. Filamu ikianza tu, anawaambia wageni, "Huyo ni mkwe wangu," na hakuna wa kumbishia.

Sasa yule mwigizaji, badala ya kuruka maghorofa yake, akapanda jukwaa la mgombea fulani akasema wauguzi wanaogoma ni wavivu wanaolala zamu, wafukuzwe. Kituo cha televisheni kikampigia simu Shujaa aje ayatie maneno hayo Kiswahili kwenye taarifa ya habari. Naye, masikini, hajui kufanya kazi nusunusu: penye dharau akatia dharau, penye kicheko akacheka. Mama mkwe akayasikia matusi hayo mezani, kijiko mkononi, kwa sauti ya mkwewe mwenyewe.

Mtandao ukawaka. Watu wakaapa kuzisusia filamu za yule bwana, na mama mkwe, ambaye juzijuzi tu hakujua kutuma picha, akawa jemedari wa kundi la wauguzi wastaafu. Susia! Lakini mwigizaji yuko ng'ambo. Aliye karibu wa kususiwa ni mkwe.

"Mwambie mumeo chumvi iko pale," alimwambia bintiye, na Shujaa kaketi ubavuni pake.

"Mama, mimi nilisoma tu!"

"Muulize mumeo, na kucheka aliambiwa na nani?"

Mke alijaribu kubana kicheko, kikamshinda. Shujaa hakucheka. Alimpenda sana yule mama. Wajomba wa mkewe walipomwita mhuni asiye na kazi ya maana, ndiye aliyesimama akasema binti yake ataolewa na huyohuyo. Kunyamaziwa naye kulimuuma kuliko matusi yote ya mtandaoni.

Hatimaye mwigizaji, alipoona kumbi za filamu ziko tupu, akaomba radhi, karatasi mkononi, jicho kwenye saa. Kituo kikamwita tena Shujaa. Hakubadilisha hata neno. Lakini alipofika kwenye "nawaomba radhi wauguzi wote," sauti ikakatika, machozi yakamtoka.

"We vipi?" akauliza fundi mitambo. "Mwenyewe hajalia!"

"Mwenyewe haishi na mama mkwe wangu."

Fundi alitaka warudie, muda ukawabana, ikaenda hewani hivyohivyo.

Nyumbani, habari zilipokwisha, mama mkwe akazima televisheni. Akamgeukia Shujaa na kumtazama usoni, jambo ambalo alikuwa hajalifanya tangu ugomvi uanze.

"Yule bado namsusia," akasema. "Kaomba kwa mdomo tu. Wewe nimekusikia, mwanangu."

Shujaa alisimama, asijue mikono aiweke wapi. Furaha ilimjaa tele.

"Hebu rudia pale pa wauguzi," mama mkwe akasema, akaegemea kiti na kufumba macho. "Polepole."