Nililinunua Trei la Mayai kwa Rejesho la Saccos

Admin, ficha jina langu lakini maneno yangu usiyapunguze. Nina miaka arobaini na tisa, mama wa watoto watatu, naishi Olasiti hapa Arusha na nina duka la steshenari. Ni msomaji wa vitabu, siogopi kubishana na mchungaji wala diwani, na kila siku mnanikasirisha humu mnapomwambia kila mwanamke avumilie. Leo ni zamu yangu. Huruma sihitaji, nijibuni kwa hoja.

Miaka miwili iliyopita mimi na mume wangu, nitamwita Baba Elia, tulikopa saccos ili tupanue duka; fomu na wadhamini alishughulikia yeye. Hatujamaliza kupanga mzigo, ng'ambo ya barabara likafunguliwa duka la jumla, daftari na kalamu za China kwa bei ambayo hata mimi sinunulii. Ndilo soko huria tuliloimbiwa: mwenye mtaji yuko huru kukumaliza, na wewe uko huru kukopa. Bidhaa zikadoda, deni likabaki.

Tukakubaliana kubana matumizi. Baba Elia ni mtulivu, akashika fedha. Kila Jumamosi ananipa hela ya wiki, na nikiomba ya ziada nahojiwa. Nimenyoa nywele kukwepa gharama ya kusuka. Dukani naenda kwa miguu. Chakula ni makande na loshoro, yale mahindi ya maziwa mgando; nyama tunaisikia harufu kwa jirani. Harusi ya mtoto wa dada yangu sikuchanga, na hadi leo dada hanisemeshi. Nilistahimili yote kwa sababu niliamini tumebana wote wawili.

Sasa, usharikani kwetu kuna mnada baada ya ibada. Watu huleta mayai, ndizi au jogoo kama sadaka, mzee wa kanisa ananadi, fedha inabaki kanisani. Hapo ndipo macho yangu yalipofunguka. Mume anayenikatalia hela ya mafuta ya kupaka ananunua mayai ya mwanamke mmoja tu. Nimwite Mama Upendo: mjane, mzaliwa wa Olmotonyi, mfugaji wa kuku, mwanakwaya, na kila kitenge kinamkaa. Wengine wakileta mayai, Baba Elia anatazama dari. Akileta huyo, mkono uko juu.

Nilipomuuliza alisema ni sadaka. Nikamuuliza ni Mungu gani huyo asiyekula mayai ya wajane wengine.

Jumapili iliyopita rejesho la mwezi lilikuwa kwenye mkoba wangu, kwa kuwa ofisi ya saccos iko karibu na duka na mimi ndiye ningelipa Jumatatu. Mama Upendo akaleta trei moja. Baba Elia akasema elfu ishirini. Nikasikia sauti yangu ikisema thelathini. Akacheka, akidhani nachangamsha mnada, akasema arobaini. Nikasema hamsini. Kwaya ikapiga makofi.

"Baba Elia, unashindwa na mama wa nyumbani kwako?" mzee wa kanisa akamchokoza. "Mbona mayai haya yana mambo?"

Mume wangu akasema sitini. Nikasimama.

"Laki moja na ishirini."

Lilikuwa rejesho lote. Kwetu ahadi ya mnadani haifutwi, umeshaisema mbele ya madhabahu. Nikaitoa hela mkobani watu wakishangilia. Baba Elia hakushangilia.

Nyumbani aliongea kuliko alivyoongea mwaka mzima.

"Huyo unayemwonea wivu ndiye mdhamini wetu," alisema. "Niliwaomba wanaume wa usharika wakakataa, wakasema mke wako anatutukana kwenye vikao. Yeye akaweka akiba yake. Shukrani yoyote anaikataa, ndiyo maana nanunua mayai. Tusipolipa, wanamkata yeye."

Mnadhani wivu uliisha? Uliongezeka. Mwanzo niliogopa kwamba anamtaka mume wangu. Sasa najua mume wangu alikwenda akakaa kwake, akamweleza aibu yetu, kisha wakanificha miaka miwili. Siri nayo ni kitanda. Msiniambie hawajalala pamoja. Hilo nalijua, na halinisaidii.

Jumanne Mama Upendo alikuja dukani, akasubiri wateja waondoke.

"Dada, la mwezi huu nitalilipa mimi, kimya kimya," akasema. "Usimgombeze Baba Elia."

Alimtetea mume wangu mbele yangu, kwa upole kabisa. Nikamwambia nitamjibu Ijumaa.

Nikikataa, saccos wataweka faini na kukata akiba yake, ambayo anaitunzia ada ya chuo ya binti yake. Kwa vyovyote hela itatoka kwake, isipokuwa nikiuza mashine ya fotokopi, na hiyo ndiyo pekee inayotulisha. Baba Elia anataka nipokee msaada na kuomba radhi. Nimewashinda wengi kwa mdomo huu, lakini neno la kumwambia mwanamke yule silipati.

Deni la saccos lina tarehe na lina mwisho. La huyu nikilipokea, nitamlipa nini? Na ni lini nitakuwa na haki ya kumchukia tena? Ijumaa ni kesho kutwa. Ninyi mnaojua kuishi na watu, nishaurini: nipokee, au niuze mashine?