Disertasyo Niliyoianika Katikati ya Ndakala

Mimi njo niliianika disertasyo yangu, ile insha ya shule, juu ya muchanga, katikati ya ndakala za mama, dagaa wa ziwa letu, mchana kweupe, na kila ukurasa nikauwekea kajiwe kake. Hakuna muntu aliyenituma. Sikukuwa na malaria, na pombe sijaonja (ile ya Krismasi haihesabiwi). Nawaambia mapema ili mucheke yote mara moja, juu mukianza kucheka kidogo kidogo sitafika mwisho.

Ilikuwa hivi. Citoyen Mulongo, profesa wetu wa Kifaransa mwaka wa tano (hapa Zaire kila muntu ni citoyen, mwananchi, hata yule anayekuchapa), alitupa kazi ya kulinganisha kitabu kimoja cha Wazungu na hadisi moja ya kwetu. Kitabu changu kilikuwa cha muke wa nahodha: mume anapotelea baharini, muke anakaa dirishani kumungoja, anangoja, anakonda, anakufa ukurasa wa mwisho. Hadisi yangu ilikuwa ya muke wa huku ziwani: mume anachukuliwa na maji, muke analia, kisha anapangusa macho, anabeba wavu wa marehemu na kuingia majini. Nikaandika kurasa nane, nikajipenda sana. Zikarudi zimejaa wino nyekundu. "Unasimulia, haulinganishi!" citoyen akaniambia mbele ya klasi nzima. "Weka hao wanawake wawili uso kwa uso, halafu uamue. Rudisha Jumatatu, ama utarudia mwaka." Na mama alikuwa ameapa kwamba nikirudia mwaka ananipeleka kwa mujomba, kule Bendera, kulima mihogo, na mimi na jembe hatujawahi kusikilizana.

Basi Jumamosi, kiisha salongo, ile kazi ya lazima ya kufagia muji, mama akanituma ufukoni kulinda ndakala zake, kuzigeuza na kufukuza bata, yeye akaenda sokoni na beseni. Nikabeba disertasyo. Na pale, maneno ya citoyen yakaniingia kichwani vibaya: uso kwa uso! Nikapanga kurasa za Mufaransa kushoto, za mwanamuke wetu kuliani, ndakala kati yao ziking'aa kama vipande vya kioo, nikapanda juu ya mutumbwi uliopinduliwa ili niwaone wote wawili kwa mara moja, kama Mungu.

Jua lilikuwa kali, ziwa limelala, milima ya upande wa Kigoma ilikuwa imefutika nusu, ukiiangalia sana inaondoka, ukifumba jicho inarudi. Sijui nilisinzia ama hapana. Niliona dirisha limesimama juu ya maji, peke yake, bila nyumba, na yule muke wa nahodha ndani yake akinitazama (alikuwa na shingo ya musichana moja, Faida, lakini hayo tuyaache). Nikashuka polepole, nikaokota ukurasa wa mwisho, nikaandika mustari ambao niliona ni muzuri kuliko yote niliyowahi kuandika: mwanamuke wa Ulaya anapenda mpaka kufa, mwanamuke wa ziwa letu anapenda mpaka kesho yake, halafu anaenda kuuza samaki. Nikausoma kwa sauti. Nikausomea na bata. Kisha nikapita kwa kila ukurasa kutoa mawe, nizikusanye.

Upepo ulikuwa unangojea hilo tu.

Kurasa ziliinuka pamoja, taratibu, kama ndege nyeupe, na mimi badala ya kukimbia nilisimama kuziangalia, juu zilikuwa nzuri kweli. Nilipozinduka nikakimbia moja kwa moja, macho juu, na miguu ikapita ndani ya ndakala za Mama Sifa, aliyeanika karibu na sisi, halafu za jirani yake, halafu tena za Mama Sifa wakati wa kurudi.

"We Alimasi! Unacheza rumba juu ya samaki wangu?"

"Samahani Mama Sifa, masomo yangu yanaruka!"

"Basi na wewe ruka, usikanyage!"

Wamama wakaokota kurasa zote, na hawakunipa. Mama Sifa akazikunja chini ya kwapa. "Samaki wangu utalipa na nini?"

"Sina kitu, mama."

"Basi tusomee. Tuone kitu gani kimetuharibia kazi."

"Ni Kifaransa."

"Na wewe si unasoma? Geuza!"

Nikapanda tena juu ya mutumbwi, nikageuza kwa Kiswahili. Na niwaambie ukweli: walinipenda! Nilimupa nahodha sauti nzito na kikohozi, nikamufanya muke wake alie dirishani, wapakiaji wa bandari wakaja, muntu moja akashuka kwa kinga, baiskeli yake, akaiegesha.

"Huyu wa dirishani, nani alikuwa anamupikia?" Mama Sifa akauliza.

"Alikuwa na mutumishi."

"Aa! Mimi nikiwa na mutumishi nitangoja hata miaka kumi!"

Wakacheka mpaka kushikana mabega. Nyuma yao nikamwona mama, beseni tupu kichwani, anatabasamu, juu mutoto wake anasomea watu. Nikavimba. Faida, binti wa Mama Sifa anayesoma kwa masista, akaninyooshea ukurasa wa mwisho.

Nikaona ule mustari.

Papa, baba yangu, alipakia mihogo mikavu mutumbwini kwenda Moba nikiwa mwaka wa sita wa primere, na mutumbwi haukuonekana tena. Matanga yalipoisha, kesho yake mama alikuwa hapa hapa ufukoni, kitambaa cheusi kichwani, anauza ndakala. Naapa, wakati wa kuandika sikumufikiria. Nilifikiria mustari tu.

"Na hapa," nikasema, "ndiyo mwisho."

"Umeruka mustari," Faida akasema, bila ubaya wowote. "Na njo muzuri kuliko yote." Akanyakua ukurasa, akausoma Kifaransa, kisha akaugeuza yeye mwenyewe, neno kwa neno, kwa sauti ya kanisani.

Macho yote yakaenda kwa mama yangu, kisha yakakimbia. Mama Sifa akaangalia vidole vya miguu yake. Yule wa kinga akapanda kinga yake. Nilitamani bata moja anitukane, angalau kuwe na kelele.

Tangu siku ile nimekata shauri: sitaandika tena sentensi kwa sababu ni nzuri tu. Jumatatu nilirudisha kazi, inanuka samaki mpaka citoyen Mulongo aliishika na vidole viwili, lakini konklizyo, ule mwisho wake, ilikuwa mupya na mujomba wa Bendera bado ananingoja bure. Konklizyo yenyewe haikutoka kichwani mwangu. Jioni ile tulipanda nyumbani, mimi nyuma na beseni, mama mbele. Mulangoni akageuka, na sauti yake ilikuwa ya kila siku kabisa:

"Hiyo kesho yake, Alimasi, ulikula nini? Andika na hiyo."