Makofi Yangu ya Viti vya Mbele

Aibu hii nimeificha miaka mingi, lakini kwa kuwa mmeshaanza kucheka, wacha niitoe. Vita vikuu vilikuwa vimekwisha juzijuzi, nami nilikuwa karani mdogo Changamwe, mwenye kiburi kikubwa kuliko mshahara.

Mdogo wangu Kalume, kuli wa bandarini, alitunga mchezo na wenzake, wakauonyesha ukumbini Jumamosi alasiri. Viti vya mbele vilikuwa vya wenye tai, na mikeka ya nyuma ilikuwa ya watu wengine wote, akiwemo mama yetu. Mimi (tai nimeazima) nikampita mama kama simwoni, nikaketi kando ya Bwana Elia, karani mkuu, na aliponiuliza kama nawajua wachezaji, nikasema simjui hata mmoja.

Basi mngetuona! Wa mikekani walicheka, wakawajibu wachezaji, wakamwonya mwizi kuwa mwenye nyumba anakuja, nasi wa mbele tumekaza shingo, tunapiga makofi kwa ncha za vidole, na nusu yetu hata kisa hatukifuati, tumekuja kutazamwa tu. Bwana Elia akasema washenzi hawa hawajui kutazama mchezo, nami nikaitikia upesi.

Mara Kalume akaruka, mbao za jukwaa (zilikuwa za makasha ya bandarini) zikavunjika, akazama mpaka pajani. Akanitazama mimi.

"Kaka, nisaidie. Mguu wangu."

"Kijana anaigiza vizuri," akasema Bwana Elia.

Nami nilijua. Mchezo ule nilikuwa nimeusikia nyumbani wiki nzima, na haukuwa na kaka wala mguu. Lakini ningeinukaje, na nimeshamkana? Nikapiga makofi, na safu nzima ikanifuata.

Mama alikuja akipenya katikati ya viti, akamkanyaga Bwana Elia, akasimama mbele yangu.

"Karisa, mtoe nduguyo kwanza. Makofi utamalizia baadaye."

Hapo ndipo waungwana wa mbele walipocheka kwa meno yote, mara ya kwanza siku ile. Nikapanda, nikamtoa, nikamfunga mguu kwa tai ya watu.

Kalume anachechemea mpaka leo, na bado anacheza. Mimi kiti cha mbele sikikalii tena, hata arusini. Nakaa mkekani na mama, na kila mchezo, kabla hajaanza, Kalume husimama jukwaani akauliza mbele ya wote, "Kaka, upo?"

Nami huinuka nikaitika, "Nipo, ndugu yangu."