Mwezi Ulivyonikosanisha na Shemeji

Mjukuu wangu ana kichwa. Hilo nalitanguliza kabla sijaanza kulalamika, maana nitalalamika sana. Msichana yuko kidato cha tatu, anakaa na baba yake Kiseke, na kila Jumapili baada ya ibada anakuja kwangu Igogo, huku mlimani kwenye mawe, kula ugali wangu na kunivuruga akili.

Mtoto wa mwenzio akija kwa bibi analeta sukari. Huyu analeta habari. Hajavua viatu, ameshaniambia kuku ninayetaka kumchinja ni ukoo mmoja na wale mijusi wakubwa kama nyumba waliokufa zamani. Nikamwambia basi ukoo umeshuka sana, hebu nikamatie huyo jogoo. Tunanyonyoa manyoya, akasema pweza ana mioyo mitatu. Pweza simjui, ni wa baharini huko, lakini nilimhurumia. Mimi nina mmoja tu na umenishinda kuutuliza tangu wanangu waanze kuoa. Mara nyota nyingine tunazoziona labda zilishakufa, kinachotufikia ni mwanga wa zamani uliokuwa njiani. Mara ile inayong'aa alfajiri, Zuhura, siku yake moja ni ndefu kuliko mwaka wake. Nikamuuliza huko watu wanalipa kodi ya nyumba kwa siku au kwa mwaka. Akasema hakuna watu, bibi, kuna joto la kuyeyusha risasi. Sasa kama hakuna watu, mnahangaika nako kwa ajili gani?

Kinachonikera zaidi ni kwamba siwezi kumkatalia. Anaongea taratibu kama nesi anayekueleza dawa, na darasa la nne langu linabaki limekodoa macho.

Basi Jumapili moja akasema mwezi unaondoka.

Tulikuwa tunakata viazi vya michembe, tunavitandaza juu ya jiwe la nyuma ya nyumba vikauke. Jua lilikuwa halijazama na mwezi umeshatoka, mweupe, umejaa karibu wote. Akaunyoshea kisu. Akasema ule unatuacha, kila mwaka unasogea mbali kidogo. Nikauliza nani kasema. Akasema umepimwa, watu waliofika kule waliacha vioo, vinamulikwa kutoka huku duniani, mwanga unarudi, umbali unajulikana. Nilisonya. Lakini moyoni nilikuwa nimevimba kwa majivuno, kwa sababu katika ukoo wetu wote hakuna aliyewahi kujua mwezi unaelekea wapi.

Inabidi nieleze kazi yangu, la sivyo hutaelewa kwa nini neno hilo liliniponza. Mimi naanika dagaa. Dagaa wanavuliwa kwa taa. Wavuvi wanaingia ziwani na giza, wanawasha taa juu ya maji, dagaa wanaikimbilia nuru, wavu unawazoa. Mwezi ukiwa mkubwa ziwa zima linakuwa na taa, dagaa hawana shida na taa ya mtu, wanatawanyika. Siku hizo tunaziita mbalamwezi. Mitumbwi inalala mchangani, wavuvi wanashona nyavu na kugombana na wake zao, sisi waanikaji tunakaa. Mwaloni kwetu, hapo ufukweni mitumbwi inaposhushia samaki, mwenye amri ni mwezi. Hao wengine wote wanajisemea tu.

Mitumbwi ninakonunua dagaa ni ya shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu. Tangu kaka yake afariki ameweka desturi: mtumbwi wake ukigusa mchanga, beseni la kwanza ni langu, kabla ya mwanamke mwingine yeyote. Usione ni kitu kidogo. Dagaa wanataka jua moja, la asubuhi mpaka jioni. Ukipata wa kwanza unatandaza kwenye kichanja mapema, jioni unafunga magunia, na wateja wangu wa Geita siku hizi wanapita darajani Busisi bila kusubiri pantoni. Ukipata wa mwisho, mvua ya alasiri inakukuta umesimama, kesho yake dagaa wamegeuka rangi na wananuka, anayewataka ni mtu wa chakula cha kuku. Beseni lile ndilo linalonifanya niheshimike pale. Likiondoka, mimi ni bibi kizee anayezurura ufukweni.

Jumatatu nikashuka mwaloni. Ilikuwa mbalamwezi, wanawake tunakaza nyavu za vichanja, midomo haina kazi. Nikawaambia mjukuu wangu, yule wa kidato cha tatu, kasema mwezi unaondoka, na huko juu kuna vioo. Nilisema hivyo tu. Yaliyofuata si yangu. Mmoja akauliza ukiondoka si itakuwa giza mwezi mzima. Mwingine akasema basi dagaa kila siku. Kufika mchana, muuza chai alinihadithia mimi habari yangu mwenyewe, na alikuwa ameongeza kwamba serikali inajua na kwamba kuna nchi inauvuta.

Shemeji yangu ni mtu wa haraka. Chai haijapoa, yeye ameshaamua. Mitumbwi iliyolala inamwasha kama upele. Jioni ile akaamuru mtumbwi mmoja utiwe mafuta uingie majini. Vijana wake wakamwambia, tajiri, mwezi ule pale, tunauona. Akawajibu kwamba wanachokiona ni mwanga wa zamani, mwezi wenyewe umeshaanza safari. Hilo la mwanga wa zamani ni la nyota, na nilimsimulia mimi siku nyingi nyuma, wakati akila dagaa wangu wa kukaanga. Nilidhani hasikilizi. Kumbe alikuwa anaweka akiba, halafu akaitumia pasipohusika.

Walirudi asubuhi na dagaa wasiofunika hata kitako cha beseni. Mafuta yameungua yote. Mwalo mzima ukacheka, na shemeji anaweza kuvumilia hasara lakini kuchekwa hawezi. Akaja mpaka kwenye kichanja changu, wenzangu wote wanatazama. Hakupaza sauti.

"Shemeji," akasema, "siku za giza zikianza, beseni la kwanza atachukua mwingine. Wewe chukua mwezi."

Nikamuuliza nani alimtuma kutia mafuta. Nilikuwa namuuliza mgongo wake.

Nikampigia simu mwanangu aniletee yule mtoto. Akasema ana mitihani. Nikamwambia hata mimi nina mtihani, na wangu hauna marudio. Jumamosi akaja. Tukashuka mlima, mimi mbele nagomba, yeye nyuma. Akaniacha nimalize, ndipo akasema yeye alitamka "kidogo", unasogea kidogo, na mimi nilishuka mwaloni na "unaondoka" nikaiacha "kidogo" jikoni. Nilisimama. Nikamwambia kidogo ya msomi ni kiasi gani? Kidogo ya chumvi, au kidogo ya kutoka hapa mpaka sokoni? Wavuvi hawali kidogo. Mpe babu yako mwenye mitumbwi kitu anachoweza kukishika. Akatembea anatazama mikono yake mpaka tukafika chini.

Shemeji alikuwa amekaa kwenye ukingo wa mtumbwi, anaziba wavu, uzi umebanwa kwenye kidole gumba cha mguu. Mtoto akakunja magoti kidogo.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mke wangu," akasema, bila kuniangalia mimi. "Bibi yako kakuleta uje kunilipa mafuta?"

"Nimekuja kukuonyesha mwezi unavyokwenda. Naomba mkono."

Akampa. Mtoto akakishika kidole gumba chake, kile kinene chenye ukucha wa njano, akakigeuza juani. Wavuvi wakaacha nyavu wakasogea. Nilitamani niwafukuze, lakini sikuwa na cheo tena.

"Huu ukucha usipoukata mwaka mzima," akasema, "urefu utakaoongezeka ndio huohuo mwezi unaosogea. Mwendo wao ni mmoja."

Shemeji akautazama ukucha wake. Akautazama muda mrefu kuliko alivyowahi kumtazama mtu akiongea.

"Mwaka mzima?"

"Mwaka mzima, babu."

"Kwa hiyo nimeunguza mafuta yangu kwa ajili ya ukucha."

Wakacheka, na safari hii yeye alicheka nao, nikajua pumzi yangu imerudi. Akauliza maswali. Huo mwezi utakuja kuisha lini. Mtoto akasema hayupo mtu atakayeuona umekwisha, si wewe, si mimi, si wajukuu wa wajukuu zangu, mbalamwezi zitakuwepo tu. Kijana mmoja wa mtumbwini akasikitika waziwazi. Shemeji akafunga uzi wake, akanigeukia kwa mara ya kwanza wiki ile.

"Rudi mahali pako, shemeji. Beseni ni lako. Lakini habari za angani zisipitie tena mdomoni mwako. Aje mwenyewe aseme."

Nilirudishiwa heshima na kutukanwa kwa pumzi moja. Nilifungua mdomo nimjibu, ndipo nikamsikia yule mtoto, ambaye sasa ameona watu wanamsikiliza, anaanza kuwaambia kwamba hata hili ziwa liliwahi kukauka lote, kwamba chini kwenye tope wamekuta udongo wa nchi kavu na mizizi ya nyasi. Anawaambia wavuvi, wamekaa kwenye mitumbwi. Nikamvuta kwa ukosi wa sweta. Alipanda mlima mzima ananieleza kwamba ni kweli, na mimi nikimweleza kwamba sijasema ni uongo.

Mwezi ukapungua, siku za giza zikaingia. Asubuhi ya kwanza mitumbwi iligusa mchanga imezama mpaka karibu na ukingo kwa dagaa, wanameta kama sindano. Shemeji aliita jina langu la ukoo mbele ya wote, beseni langu likajazwa likapita juu ya vichwa vya wenzangu. Kabla jua halijatoka mlimani nilikuwa nimemaliza kutandaza, na jioni nilifunga magunia makavu yanayolia ukiyaminya.

Mngedhani yameisha. Yule mzee amekataa kukata ukucha wa kidole gumba. Anasema anapima. Kila akipita anauinua juu kunionyesha mwezi umefika wapi, na vijana wa mtumbwini wanainua na wao. Unanasa kwenye nyavu, unachana mashati. Juzi mkewe kapanda mpaka kwangu, kaketi kwenye jiwe langu la michembe, kafunua mgongo na kunionyesha mikwaruzo, anataka nimwambie mjukuu wangu aje kumkataza mumewe. Nimemwambia aje Jumapili. Huyo mtoto atakuwepo, na atakuwa na jambo lingine.