Siku Tisa za Uji wa Wimbi

Sauti ninayoikumbuka ni pumzi ya dada yangu. Kila mdomo wa mtoto ulipogusa titi, alivuta hewa kwa meno, ssss, kama mtu aliyekanyaga kaa la moto, halafu akanitazama na kujifanya anatabasamu.

Nilikuwa nimeenda kwake, upande wa Nyaramba, kumsaidia baada ya kujifungua. Nilishampangia mtoto maisha: atakuwa rubani, atapita juu ya mashamba ya chai nikimpungia leso. Kumbe rubani mwenyewe alikuwa anashinda njaa.

Alinyonya, akalia, akanyonya tena. Wanawake wa boma wakaamua maziwa hayatoshi, na kwetu dawa ya hiyo inajulikana: uji wa wimbi na chinsaga, zile mboga chungu. Mama mkwe wake alileta thamosi nzima asubuhi, jirani akaleta nyingine mchana.

"Kunywa, mwanangu. Maziwa hayatoki kwa hewa."

Walileta kwa upendo, siwezi kuwasema vibaya. Lakini matiti yalikuwa yamejaa mpaka yanang'aa, magumu kama viazi vibichi. Maziwa yalikuwepo tele, ni mtoto aliyeshindwa kuyatoa. Na tukazidi kumimina uji.

Siku ya saba tukaenda zahanati. Muuguzi akamning'iniza mtoto kwenye mizani, akaguna.

"Amepungua. Wewe mama, unanyonyesha ama unambeba tu?"

"Nanyonyesha, sista. Lakini yanauma."

"Kila mtu yanamuuma. Asipoongeza wiki ijayo, mtamnunulia ya kopo. Anayefuata."

Anayefuata. Neno hilo linanichoma mpaka leo. Mtu ametoka kujifungua juzi, ana homa, na hakuna aliyemwambia hata keti. Najua muuguzi alikuwa peke yake na foleni ilifika getini. Hilo nalo linanikasirisha. Nani alikaa mahali akaamua kwamba sisi wa huku muuguzi mmoja anatutosha?

Siku ya tisa akapita mama mmoja mhudumu wa afya, yule anayezunguka nyumba kwa nyumba. Hakuanza na uzito. Alisema, "Hebu nione titi." Akaziangalia chuchu zilizopasuka, kisha akamwangalia mtoto akinyonya.

"Huyu anashika ncha tu, kama mtu anayeogopa ndizi ya moto."

Akamwonyesha dada kukamua kidogo titi lilainike, akamgeuza mtoto tumbo kwa tumbo, akangoja mdomo upanuke, akamsogeza. Ile ssss ya dada haikutoka. Tukamsikia mtoto akimeza.

"Ni hivyo tu?" nikauliza.

"Ni hivyo tu. Ila hiyo homa ya mama, mrudi zahanati leo leo apewe dawa."

Dakika kumi hazikuisha. Dada alilia kwa furaha, mimi nililia kwa hasira. Siku tisa mtoto anakonda na mama anajiona hafai, kwa kukosa mtu mmoja wa kutazama.

Tulirudi na dawa, wote wawili wakalala mchana ule. Nikafungua kijitabu cha kliniki. Kurasa za mtoto zilikuwa na uzito na chanjo. Ukurasa wa kumkagua mama baada ya kuzaa ulikuwa mweupe kabisa, hata ule mstari wa matiti. Nikachukua kalamu, nikaandika hapo kwa herufi kubwa: YALIPASUKA SIKU TISA. HAKUNA ALIYEANGALIA. Nikakirudisha kwenye mkoba wa mtoto, tayari kwa kliniki ya wiki ijayo.