Siku Wageni Walipojificha Pamoja Nami

Naona aibu hata kuanza, lakini kwa kuwa kijiji kizima kinalijua jambo hili na kila anayelisimulia anatia chumvi yake, bora mlisikie kwangu mimi niliyelipika mwenyewe.

Mimi ni mwanamke wa Morogoro niliyeolewa Unyakyusa, upande wa Lufingo, huku ambako mvua ndiyo mwenyeji na sisi ni wapangaji tu. Kijijini kwetu kuna nyumba ya kale ya ukoo wa mume wangu, ya mianzi na udongo, ilikuwa inaanguka, basi tukashikana mikono, wanaume wakakata mianzi, sisi kina mama tukakanda udongo tukasiriba kuta mpaka zikang'aa, tukaunda na kamati ya utalii ili vijana wetu wapate cha kufanya hapa hapa nyumbani. Mwenye nyumba ni baba mkwe wangu, na alikubali kwa shingo upande. "Siku mgeni mmoja akikosa adabu mle ndani," alisema, "nafunga, na hamtafungua tena."

Sasa, kwa mila za huku, mke wa mtoto hakutani uso kwa uso na baba mkwe. Wengi siku hizi wamelegeza, ila mzee wangu hajalegeza hata chembe. Nikisikia anakohoa njiani naingia migombani, akinitokea ghafla najitanda khanga kichwani, nampa mgongo, nachuchumaa, naye anageukia kwake. Kuongea ndiyo usiseme, tangu niolewe hatujapeana hata salamu. Kwa hiyo kamati ikapanga mimi niwatembeze wageni kwenye chai na migomba, nikifika uani niwakabidhi kwa Lusajo, mwenyekiti wetu, yeye ndiye aingie nao kwa mzee.

Wageni wetu wa kwanza walikuwa watano, Wazungu watatu na mke na mume kutoka Dar. Kuwaeleza adabu za huku moja moja nikaona kazi (na Kiingereza changu mnakijua, kikimaliza salamu kimekwisha), nikaona nirahisishe, nikawaambia, "Nyie nitazameni mimi, ninachofanya na nyie fanyeni." Jamani, hapo ndipo nilipojichongea.

Tulipofika uani mvua ikamwagika, Lusajo haonekani, mzee haonekani, nikasema wageni watalowa bure, ngoja tuingie, akija mwenyekiti nitatoka. Nikavua viatu, wakavua. Nikainama mlangoni, wakainama. Nilikuwa najisikia mwalimu haswa. Mara nasikia kikohozi, na nyumba yenyewe ina mlango mmoja!

Sikufikiri. Khanga kichwani, uso ukutani, chini. Nikasikia nyuma yangu vishindo, pu, pu, pu. Nikachungulia kwa pembeni: wageni wote wamechuchumaa wametazama ukuta, yule dada wa Dar kajifunika koti lake la mvua, Mzungu mmoja mrefu kajivutia fulana kichwani, tumbo lote nje.

Mzee akasimama mlangoni. Nikajua nyumba imefungwa leo, na kazi ya kijiji kizima nimeiua mimi. Kisha nikamsikia anageuka, akakaa kizingitini akiwa ametupa mgongo (kuingia hawezi, nimo), akaanza kusimulia habari za babu zake, anaiambia mvua, na sisi tunaziambia kuta "mmh" na "ndaga" kama nilivyowafundisha wageni kushukuru. Miguu ilikufa ganzi, machozi yananitoka, sijui ni ya kicheko au ya hofu.

Lusajo akafika na kwaya nzima ya kina mama waliokuja wakiimba kuwapokea wageni, akapiga kelele, "We mama, wageni umewafanya nini?" Nijibu vipi na mkwe yuko pale? Aliyeniokoa ni mama mkwe. Alikuja na mkeka, akausimamisha kama ukuta kati yangu na mzee, akasema, "Pita huku, mwanangu." Nikapita nimeinama, nusu natambaa, nikiwa nimejibanza nyuma ya mkeka. Nilipofika kwenye tope la uani nikasikia kwaya imekata wimbo katikati. Kutazama nyuma, wageni wangu wote wako mstarini, wanatambaa.

Kina mama walicheka mpaka wengine wakakaa chini kwenye tope. Mimi nilikimbilia jikoni, nikajifungia, nikaapa kwamba kuanzia siku ile mvua ininyeshee mpaka mifupani, lakini kwenye nyumba ambayo sijauliza mwenyewe yuko wapi, siingii.

Jioni mama mkwe akanifuata. Nilidhani analeta habari ya kufuli, nikaanza kulia kabla hajasema neno. Akanishika bega.

"Baba yako kanituma," akasema. "Anasema wageni wale wamempa heshima ambayo wanawe wa kuzaa hawampi siku hizi. Waje wengine. Na anauliza, miguu yako imepona?"