Jina Moja kwa Ndama na Mama Yake

Siku yangu ya kwanza kazini, Kitengela, juu ya duka la dawa za mifugo, Mkuu wa Programu alinionyesha kiti, kompyuta na birika la chai. "Hapa, Mama Njeri," akasema, "kompaila ndiyo bosi. Mimi niko namba mbili." Kompaila ni ile programu inayosoma tulichoandika na kukigeuza kiwe kitu ambacho mashine inaweza kutekeleza. Ikikuta kosa inagoma. Ikikuta jambo la kutilia shaka inaendelea na kazi, lakini inatoa onyo.

Tuliandika kwa mtindo wa funksheni: kila kipande kinapokea kitu na kurudisha kingine, na thamani, yaani namba au taarifa yoyote, ikishapewa jina haibadiliki. Ukitaka nyingine unaunda mpya. Hapo ndipo uvivu unapoingia, maana ni rahisi kuipa mpya jina la ile ya zamani. Ndani ya funksheni, jina la karibu hulifunika la nje, nasi tuliita hiyo kivuli. Kompaila haikukataa kivuli, ilinung'unika tu.

Mimi manung'uniko hayo sikuyaelewa. Kwetu Wakikuyu, binti wa kwanza hupewa jina la mama ya baba yake. Nyumbani kwangu Njeri walikuwa wawili, mama mkwe na binti yangu, na ukiita "Njeri!" aliye karibu ndiye anaitika. Hatukuwahi kuchanganyikiwa. Kwa hiyo maonyo ya kivuli yalipojaa kwenye skrini, niliyazima yote kwa mstari mmoja. Nilijiona mjanja, na leo naona haya kulisema.

Wakati huo tulikuwa tukiwatengenezea wahudumu wa mifugo wa Kajiado programu ya simu ya kukadiria dozi. Funksheni yangu ilipokea mnyama mgonjwa, nikamwita "mnyama". Ndani yake ilimtafuta mama yake kwenye kumbukumbu, kuona kama ugonjwa ulitoka kwake, na huyo pia nikamwita "mnyama". Mistari miwili chini, nikakokotoa dozi kwa uzito wa "mnyama". Aliyeitika ni mama.

Mama Naserian, mjane wa huko, alikuwa amebakiwa na ndama mmoja baada ya kiangazi. Ng'ombe aliyemzaa alishakufa, lakini uzito wake ulikuwa bado kwenye kumbukumbu. Mhudumu, mgeni kazini, aliiamini simu. Ndama akadungwa dawa ya ng'ombe mzima, akaanguka.

Habari ilipofika ofisini, Mkuu hakunigombeza. Aliyawasha maonyo, akaketi nami, tukayapitia moja moja. "Mnyama" wakawa "ndama" na "mama_ya_ndama". Si kila kivuli tulikifuta. Pale namba ya simu ilipoingia na nafasi katikati, tuliisafisha na kuiita jina lilelile, ili ile chafu isitumike tena. "Hii iko sawa," alisema, "kwa sababu tunataka ya kwanza ipotee. Lakini andika hapo kando ati tumeiangalia." Onyo tukalinyamazisha kwa mstari huo peke yake. Ndivyo nilivyofanya kazi miaka yote iliyofuata.

Kesho yake tulienda Kajiado kuomba msamaha. "Takwenya," Mkuu alimsalimia Mama Naserian kwa Kimaasai. "Iko," akajibu, bila kuinuka kando ya ndama. Alikuwa akimnywesha maziwa kwa chupa.

"Nani aliandika hiyo kitu?"

"Ni mimi."

"Na hukujua?"

Nilitamani kusema sikujua. "Niliambiwa, mama. Ile mashine iliniambia. Ni mimi niliiambia inyamaze."

Alinitazama, kisha akanipa chupa. "Basi shika kichwa yake. Akikataa, usimwachilie."

Ndama hakukataa. Hakumeza pia. Alikufa mikononi mwangu kabla ya chai tuliyokaribishwa kupoa, nikalia mbele ya watu.

Sasa nimestaafu. Vijana huja kuniambia kwa fahari kwamba programu zao hazina onyo hata moja, nami huwauliza kama maonyo wameyarekebisha au wameyazima. Anayekiri kuwa ameyazima simgombezi. Namwambia alichoniambia Mama Naserian tulipokuwa tukiondoka, amenishika bega, nami nikisema kazi hii naiacha.

"Utaacha aje? Rudi. Ndani ya hiyo simu bado kuna ndama za watu wengine."